Je, Jina Humvuta Mtu Kazini?

Hapa Kazimia, tuandikapo majina ya watoto wa mafundisho, wazazi hutuuliza mara nyingi: jina hili halitamvuta mtoto pabaya? Wengine hucheka. Sisi hatucheki.

Maana pote duniani watu huona jina na kazi vikikutana. Uingereza alikuwako tabibu mkuu wa maradhi ya ubongo, Russell Brain (1895–1966). Neno hilo Brain maana yake ni ubongo! Na Zanzibar, Shamsi Vuai Nahodha alikuwa Waziri Kiongozi toka 2000 hata 2010. Alishika usukani wa serikali, ingawa si wa jahazi.

Kwa wengine hakuna ajabu. Smith wa Waingereza, Schmidt wa Wadachi, Lefebvre wa Wafaransa, Haddad wa Waarabu, yote maana yake ni mhunzi. Babu alifua chuma, wajukuu wakabaki na jina hata walipoacha nyundo. Kazi ilitangulia.

Kwetu sivyo. Mtoto hupewa jina la babu, au la mambo yaliyompata mama siku za kujifungua. Ndiyo sababu ufuo wetu una Masumbuko, Shida na Vita. Wengine walizaliwa mwaka 1996, mama yu mbioni kuvuka ziwa kwenda Kigoma. Wengine zamani zaidi, wakati wa Wasimba, mwaka 1964.

Mama mmoja alitujia akitaka tufute jina la mwanawe, Vita, kijana wa miaka kumi na sita. Wenye bunduki wa mlimani walikuwa wamekwisha kumwambia: jina lako ndiyo kazi yako, njoo. Neno hili lilimwingia kuliko mafundisho yetu yote, twasema kweli.

Hatukufuta. Tulimwuliza kijana jina amelipata wapi. Kwa babu, akasema, aliyezaliwa mwaka ule wa 1964. Na babu alifanya kazi gani? Alivua ndagala maisha yake yote. Alishika bunduki? Akanyamaza, kisha akasema: taa na wavu tu.

Siku hizi anajifunza injini za mitumbwi kwa fundi mmoja ufukoni. Fundi huyo aitwa Amani, naye alikaa porini na bunduki miaka mitano. Mama bado humwita mwanawe kwa jina la ubatizo tu.