Mtutu Uliokatwa

Hapa Greenbelt twawasikia baadhi yetu wakisifu bunduki ya marisau iliyokatwa mtutu kuwa mlinzi wa nyumba. Twahofia mlinzi huyo asije akaibomoa nyumba yenyewe. Kwa sheria ya mwaka 1934, mtutu usiofika inchi 18, au bunduki nzima isiyofika inchi 26, huombewa idhini ya serikali kuu na kuandikishwa kabla ya kukatwa. Maryland nayo hukubali iliyoandikishwa tu. Tangu Januari 2026 kodi ya dola 200 imeondolewa, uandikishaji ungalipo. Aliyekwisha kuikata bila idhini hawezi tena kuiandikisha. Adhabu yafika miaka 10 gerezani, na asiye raia huweza kufukuzwa nchini. Watoto wabaki na nani?