Akina Otieno hawana makosa, ni takwimu

Watu wangu wa Ndhiwa, mnajua vile huku majina hufuata saa. Aliyezaliwa usiku ni Otieno au Atieno, wa asubuhi ni Akinyi, wa jua kali ni Achieng. Simama sokoni uite "Otieno!" uone vichwa vingapi vitageuka. Sasa ita "Kiprotich!"

Kompyuta haijui hayo mpaka iambiwe. Hifadhidata kama PostgreSQL, kabla ya kutafuta jina, hukadiria kwanza: nitapata rekodi ngapi? Zikiwa chache, inapitia faharasa, moja moja. Zikiwa nyingi, ni afadhali isome jedwali lote kwa mkupuo. Makadirio hayo yanatoka kwa takwimu zake, na usipozigusa, zinashika majina yasiyozidi 100 yanayojirudia zaidi. Yaliyobaki yote yanapewa wastani mmoja.

Shida iko hapo. Tuseme jedwali lina watu 1,000,000. Majina 100 ya juu yamebeba watu 600,000. Wale 400,000 waliobaki wamegawana majina 20,000, yaani wastani wa watu 20 kwa kila jina. Kama jina lako ni la 101 na mko 3,000, kompyuta bado inadhani mko 20. Inachagua njia ya watu 20, halafu inalazimika kuitembea mara 3,000. Wewe uko kwa foleni na mtoto ana homa, karani anakwambia "sistimu iko polepole leo."

Ukiuliza dawa, utaambiwa inunuliwe seva kubwa. Mimi nakataa, angalau kabla ya kujaribu amri mbili za bure. Ya kwanza, kwa ile safu ya majina peke yake, weka SET STATISTICS 1000. Ya pili, ANALYZE, ili takwimu zikusanywe upya. Kisha EXPLAIN ANALYZE itakuonyesha makadirio kando ya hesabu halisi. Usipandishe kila safu, maana takwimu nyingi nazo huongeza muda wa kupanga njia.

Ombi langu kwa wanaotujengea sistimu: msizijaribu kwa majina ya kubuni yaliyogawanywa sawasawa. Jaribuni na akina Otieno wote, na pia yule mwenye jina la 101. Hao ndio watakaopanga foleni kesho asubuhi, na pesa ya seva ni ya kodi yao.