Tatu kwa Ishirini na Mbili

Tarehe 25 Aprili 2024 timu yangu ilikuwa imecheza mechi 25 na kushinda tatu. Hujasoma vibaya: tatu. Zile nyingine 22 tulifungwa. Timu yenyewe ni Chicago White Sox, mchezo ni besiboli, na mimi ni mtoto wa Tanga ambaye mpaka natua Marekani sikujua hata gongo linashikwaje.

Nianze kwa kukiri: sikuwachagua kwa mapenzi. Nilifika Chicago mwaka 2021 majani yakianza kupukutika, chumba nikapata upande wa kusini wa jiji. Wa kaskazini wana Cubs wao, wa kusini wana White Sox, na mwaka huo White Sox walikuwa moto: ushindi mara 93, vinara wa kundi lao. Nikasema basi, hawa hawa. Nikanunua kofia nyeusi kabla sijajua sheria moja ya mchezo. Nilifanya kile nilichozoea kufanya tangu ujana: natazama nani anashinda, nakwenda kukaa upande wake.

Mwaka uliofuata walishinda mechi 81, wakafungwa 81. Uliofuata tena wakafungwa 101. Machi 2024, msimu ukiwa mlangoni, mrushaji wao hodari, Dylan Cease, akapelekwa San Diego. Kofia ilikuwa bado msumarini. Mtu mwenye akili zake angeitoa kimyakimya.

Kilichonizuia ni bibi wa ghorofa ya chini. Ni mjane, mstaafu, na kila mechi anaifuata kwa redio huku anaandika kwenye daftari kwa penseli. Yaani haandiki matokeo tu, anaandika mchezo mzima. Kila mchezaji uwanjani ana namba ya nafasi yake: mrushaji ni 1, mdakaji nyuma ya mpigaji ni 2, wa besi ya kwanza ni 3, mpaka 9. Mpira ukipigwa chini ukamfikia namba 6, naye akauwahisha kwa namba 3, unaandika 6-3: mpigaji katoka. Mpigaji akipiga hewa mara ya tatu unaandika K. Akisimama tu, anautazama mpira wa tatu ukimpita bila kurusha gongo, K hiyo unaigeuza ikatazama nyuma. Jioni moja alinisukumia penseli. “Andika wewe, macho yangu yamechoka.” Hayakuwa yamechoka. Alitaka mtu wa kukaa naye.

Basi nikaandika. Mechi ya kwanza, nyumbani, na Detroit: tukafungwa moja kwa sifuri. Ya pili, alama moja. Ya tatu, alama moja tena. Ya nne wakaja Atlanta, na wao wakatupiga tisa bila. Kwenye besiboli hakuna sare ya kujifichia, na hakuna wiki ya kupoa. Sisi wa soka tukifungwa Jumamosi tunalia mpaka Jumatano, tunalaumu refa, ikifika Ijumaa tumepona. Huku msimu una mechi 162 ndani ya miezi sita. Umefungwa leo, kesho uko pale pale, na daftari linakusubiri.

Ile siku ya moja kwa sifuri ndipo nilipompigia baba. Ilikuwa Ramadhani, na kwa tofauti ya saa nane nilijua nitamkuta macho anangojea daku.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mama. Mbona sauti hivyo? Unaumwa?”

“Siumwi. Timu yangu imefungwa.”

Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikigonga bakuli.

“Timu gani?”

Ili uelewe ule ukimya, inabidi nikurudishe nyuma. Baba ni Coastal Union. Si shabiki wa Coastal, ni Coastal. Mwaka 1988 Wagosi wa Kaya walichukua ubingwa wa Tanzania, naye ameishi na mwaka huo kama mtu aliyeweka akiba moja benki na bado anakula riba. Nilipokuwa na miaka saba alikuwa ananipakia kwenye bomba la baiskeli mpaka Mkwakwani. Tukishinda, ananinunulia muhogo wa kukaanga. Tukifungwa, ananinunulia pia, ila tunakula bila kuongea.

Nikakua, nikaenda chuo Dar, na huko nani anataka kuitwa Coastal? Nikawa Yanga. Mwaka 2016 timu zote tatu za Tanga zilizokuwa Ligi Kuu zikashuka daraja kwa pamoja: Coastal, African Sports na Mgambo. Mji mzima! Mimi nikaona ndiyo nafasi ya kuchekesha watu. Nikatafuta picha ya jeneza, nikaituma kwenye kundi la familia, chini nikaandika: “Poleni wafiwa. Maziko Mkwakwani baada ya alasiri.” Binamu zangu wakacheka mpaka wakamaliza vikatuni vyote vya kucheka. Dakika chache baadaye simu ikaonyesha kwamba baba amejitoa kwenye kundi.

Hakunigombeza. Aliendelea kuniuliza masomo, akanitumia nauli, akaniombea dua siku naondoka nchini. Lakini mpira hakuutaja tena mbele yangu. Coastal walipanda tena Ligi Kuu, hakuniambia. Mwaka 2022 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakatoka tatu kwa tatu na Yanga, timu yangu mimi, wakafa kwa penalti. Hakuniambia. Miaka minane tulizungumza kila kitu kinachozungumzika, bei ya unga, bawasiri ya mjomba, kila kitu isipokuwa kile tulichokuwa tukikifanya pamoja kwenye ile baiskeli.

Sasa anauliza, timu gani. Nikamweleza. Ikanibidi nimweleze na mchezo, kazi kubwa usiku ule kuliko kufungwa kwenyewe. Alisikiliza yote, mwisho akasema, “Kwa hiyo mtu anarusha, mtu anakosa, mnaandika K.” Nikasema ndiyo. “Haya. Kesho nipigie.”

Nikawa nampigia. Mechi nyingi za jioni huisha saa tatu na kitu usiku, na saa hiyo Tanga ni alfajiri. Ushindi wa kwanza, tatu kwa mbili dhidi ya Atlanta, nilimpa akiwa anamalizia daku, akasema Alhamdulillah kana kwamba nimefaulu mtihani. Baada ya hapo habari zote zikawa za msiba. Ndani ya wiki moja Luis Robert Jr. aliumia, Yoán Moncada akaumia. Ukurasa baada ya ukurasa nikajaza zile K zinazotazama nyuma. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, sisi tunafungwa tu. Na baba kila alfajiri swali lile lile, kabla hata sijamaliza shikamoo: “Mmeshinda?”

Mme. Ilinichukua siku kadhaa kugundua kwamba na mimi najibu kwa “tu”. Tumefungwa. Tumeumia. Tutacheza kesho. Kwa Yanga sikuwahi kusema “tu” siku ya kufungwa. Siku hizo nilisema “wamefungwa”, na simu nazima.

Usiku wa mechi ya 25, Minnesota walipotufunga sita kwa tatu, bibi alifunga daftari akasema maneno machache ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha akaniaga kwa upole kama kawaida yake. Nilipanda juu nikampigia baba. Akauliza, nikajibu. Halafu, bila kupanga, nikamwambia:

“Baba, lile jeneza. Nisamehe.”

Nikadhani atasema jeneza gani. Wazee wetu wana adabu hiyo ya kusahau kwa makusudi. Hakuitumia.

“Liliniuma sana,” alisema. “Kushuka daraja ni mpira tu. Mtoto wangu kuniandikia pole kama jirani, hilo ndilo liliniuma.” Akakohoa. “Umesema mmeshinda ngapi?”

“Tatu.”

“Kwa ishirini na mbili.” Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kifuani nilichokuwa sijakisikia kikija kwa sababu ya mpira tangu niko sekondari. “Mwanangu, hata sisi hatukufikia huko.” Kisha, kwa sauti ya mtu anayefungua kabati lililofungwa muda mrefu, akaniambia Coastal msimu huu wako juu, wanaweza kumaliza ndani ya nne bora. Na kweli walimaliza wa nne.

Sisi je? Msimu uliisha tumefungwa mechi 121, idadi ambayo hakuna timu ya ligi hiyo iliyowahi kuifikia katika enzi za kisasa. Lakini Aprili ilikuwa bado na siku chache. Wakaja Tampa Bay. Ijumaa tukashinda. Jumamosi mchezo ukaenda awamu ya kumi, tuko nyuma kwa alama moja, mwenzetu mmoja yuko kwenye besi, na Andrew Benintendi akaupiga mpira ukavuka ukuta. Nane kwa saba. Bibi alipiga kelele mpaka penseli ikamtoka mkononi. Nilitambaa chini ya meza kuitafuta, na simu sikioni, nyuma yake adhana ya Tanga ikiita.

“Mmeshinda?”

“Tumeshinda, baba.”

“Umeandika?”

“Natafuta penseli.”

“Andika kwanza,” akasema. “Mimi nasubiri.”