Ugumu wa Jiwe na Ugumu wa Fumbo

Katika Kiswahili jiwe ni gumu na fumbo ni gumu. Kivumishi ni kimoja, wala sarufi haioni haja ya kutenganisha. Hata hivyo, mtu aliyewahi kupasua mawe na kufumbua mafumbo anajua kuwa ametaja vitu viwili. Jiwe halina siri: linataka nyundo nzito na mapigo mengi, na pigo la mia halikufunzi lolote ambalo pigo la kwanza halikukufunza. Fumbo lina mlango. Ukiusukuma kwa bega haufunguki; ukiujua komeo lake, kidole kimoja kinatosha. Nimeitafakari tofauti hii kwa muda wa karibu mwaka mzima, na kilichonifikisha huko ni kitu ambacho wazee wenzangu hapa Ukata hukiona cha watoto, yaani mchezo wa kompyuta.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuja kukaa nami baada ya matokeo ya kidato cha nne kutangazwa. Matokeo yake hayakuwa ya kupigiwa vigelegele: Hisabati alipata F, Baiolojia F, na masomo mengine yalisimama kwa shida. Mjomba wake aliyeko Dar es Salaam alimpa kompyuta ya zamani ili ajisomee, na ndani yake kulikuwa na mchezo uitwao Skyrim, uliotengenezwa Marekani na kampuni ya Bethesda na kutolewa mwaka 2011. Ni mchezo mrefu, wa mamia ya saa kwa anayetaka kuzunguka kila pango. Mchezaji huvaa nafsi ya shujaa katika nchi ya kubuni yenye theluji, majitu na majoka. Shujaa huyo anaanza akiwa mfungwa juu ya gari la farasi, anapelekwa kukatwa kichwa, na joka ndilo linaloivuruga hukumu.

Nisingalikaa mbele ya kioo kile zaidi ya dakika kumi kama si jambo moja. Silaha kuu ya shujaa huyu ni maneno. Majoka ya nchi ile yana lugha yake, na yanapopigana kwa moto au barafu, kwa hakika yanazungumza. Shujaa hupanda milima na kuingia makaburini kutafuta kuta zilizochongwa maandishi ya majoka, na kila ukuta humpa neno moja. Maneno matatu kati ya hayo ni *fus*, *ro* na *dah*: nguvu, mizani, sukuma. Mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu akisikia kwamba neno la pili katika silaha ya shujaa ni mizani, atawezaje kuondoka?

Mchezo huo una viwango sita vya ugumu, nami nimevipa majina ya kwetu: mwanagenzi, mwanafunzi, stadi, mtaalamu, fundi na, cha juu kabisa, kiwango cha hekaya, kilichoongezwa mwaka 2013. Mimi nilianza kwa mwanagenzi. Vidole vyangu vilizoea chaki, na macho yangu hayana haraka ya zamani. Mjukuu wangu alikuwa akicheza kiwango cha hekaya na akinitazama kwa huruma.

"Babu, huko ni kwa watoto."

Nikamjibu kuwa hata watoto wana haki ya kusikiliza hadithi hadi mwisho. Na hadithi niliipata yote. Nilizungumza na wenye maduka, nikasoma vitabu vilivyotapakaa katika nyumba za watu wale wa kubuni, nikapanda ngazi 7,000 kwenda kwa wazee wanaoishi kileleni kwa ukimya kwa sababu sauti zao zina nguvu mno. Mbwamwitu waliponijia njiani niliwapiga pigo moja au mawili, nikaendelea na safari.

Baadaye nilipandisha kiwango. Mchezo huu unamruhusu mchezaji kubadili kiwango wakati wowote, hata vita ikiwa imepamba moto. Nilikwenda stadi, kisha mtaalamu, hatimaye nikajaribu hekaya. Mbwamwitu yuleyule, wa njia ileile, aliniua. Niliporudi aliniua tena. Nikamtazama kwa makini nione amejifunza hila gani. Hakuwa na hila yoyote. Alinijia kwa mwendo uleule, akaruka kwa namna ileile.

"Sasa amekuwaje?" nikamwuliza mjukuu wangu.

Akanieleza bila kushika kalamu. Katika kiwango cha stadi, kila pigo lina thamani yake halisi. Kwa mwanagenzi, pigo lako huzidishwa mara mbili, na pigo la adui hukatwa nusu. Kwa hekaya, pigo lako hubaki robo, na la adui huzidishwa mara tatu. "Kwa hiyo, Babu, ukilinganisha na ulipoanza, wewe umekuwa dhaifu mara nane, na yeye amekuwa mkali mara sita. Lakini ni mbwamwitu yuleyule."

Nilinyamaza kidogo. Mbele yangu alikuwa kijana mwenye F ya Hisabati, na alikuwa amegawanya mbili kwa robo, akagawanya tatu kwa nusu, akanipa majibu yote mawili kwa mdomo, tena kwa Kiswahili kilichonyooka.

Huo ndio ugumu wa jiwe. Hauongezi jambo jipya la kujua. Unachukua kilekile kilichokuwapo na kukifanya kizito zaidi.

Upo ugumu wa namna nyingine, na kwa bahati njema hatuhitaji kuvuka bahari kuutafuta. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Mtoto anapofundishwa huanza na bao la kujifunza: kete mbili katika kila shimo, kila kitu kiko wazi, na mchezo unaanza mara moja. Akikomaa hupewa bao lenyewe. Hapo kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba, na 22 akizishika akiba. Kwanza kuna namua, ambapo kete za akiba huingizwa moja moja, ndipo waje kwenye mtaji. Mpinzani wa bao kubwa hana kete zenye uzito mara tatu. Kilichoongezeka ni mambo ya kufikiri: nyumba niilinde au niisafirishe? Akiba yangu imebaki ngapi, na yake je? Ndiyo maana anayelimudu bao anaitwa fundi, neno tunalompa mjenzi na mhunzi. Hata ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Malawi, wanalicheza na kuliita bawo, na huko pia mzee anayelijua huheshimiwa.

Milima yetu ya Umatengo nayo ni fumbo la aina hiyo. Mteremko ni mkali na mvua ni nyingi. Anayelima kwa nguvu tu, udongo wake humkimbia. Wazee walisoma maji yanavyoteremka, wakabuni ngoro: nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, udongo hufukuliwa katikati na kufunika nyasi, na mlima mzima ukabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta ya maharage na mahindi. Maji hutua shimoni badala ya kubeba shamba. Jembe lao halikuwa zito kuliko la wengine.

Hata watengenezaji wa michezo ya kompyuta wapo walioielewa tofauti hii. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam anao mchezo wa Poland uitwao The Witcher 3, wa mwaka 2015. Katika viwango vyake viwili vya juu, kupumzika hakuponyi tena majeraha. Inambidi mchezaji apike dawa, atunze chakula, na asome habari za zimwi kabla ya kulifuata, ajue ni mafuta gani yapakwe kwenye upanga. Humo pia mapigo ya adui huzidi, lakini juu ya jiwe kuna fumbo: anayesoma hushinda.

Haya yote yangebaki mazungumzo ya babu na mjukuu kama nisingalifundisha sekondari kwa miaka 35. Nilifundisha masomo mawili, Kiswahili na Historia. Mara nyingi vipindi hivyo vilifuatana katika darasa lilelile. Saa mbili asubuhi wanafunzi walikuwa wakibishana nami juu ya dhamira ya tamthiliya, mikono juu, sauti juu. Kengele ikilia, mimi sitoki, wao hawatoki. Tunafunga kitabu kimoja na kufungua kingine, tunaanza Vita vya Majimaji kwa Kiingereza. Vita hivyo vilipiganwa hapa kwetu Ruvuma, bibi zao waliwasimulia. Darasa likawa kimya kama kanisa siku ya Ijumaa Kuu. Watoto ni walewale, mwalimu ni yuleyule, na mbwamwitu ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba pigo lao limekuwa robo.

Mtoto wa Tanzania anayesoma shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili hadi amalize, kisha anapoingia kidato cha kwanza karibu kila somo hugeuka Kiingereza. Kiwango kimepandishwa, na hakuna mahali pa kukishusha. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, nasi walimu tukaendelea kuhesabu majeruhi kila mwaka na kuwaita wazembe.

Nilimweleza mjukuu wangu mawazo haya, naye akanipinga. Alisema hata ugumu wa jiwe humfunza mtu: katika kiwango cha hekaya amejifunza kunyata gizani, kuchemsha sumu, na kupanda juu ya mwamba ambapo adui hamfikii. Ni hoja nzito, na niliipima siku kadhaa. Kisha nikamwomba aniambie alivyosoma Baiolojia. Akanikaririria, neno kwa neno, aya nzima ya Kiingereza juu ya mmea unavyojitengenezea chakula. Nilipomtaka anieleze maana yake, alisimama njiani. Hapo tukaelewana wote wawili. Kukariri ndiko kupanda juu ya mwamba. Ni werevu, siukatai. Lakini ni werevu wa kumkwepa mbwamwitu, na ukimaliza kumkwepa hujui lolote juu ya mbwamwitu.

Sisemi Kiingereza kifukuzwe. Mimi mwenyewe nyumbani tulisema Kimatengo, na Kiswahili nilikikuta zaidi shuleni. Najua kwamba lugha ya pili hupatikana, tena hupendwa. Ninachouliza ni namna inavyotolewa. Tazameni mchezo ule unavyofundisha lugha ya majoka: neno moja kwa wakati mmoja, lenye maana yake, lenye kazi yake, na hatimaye unalitumia. Mbele ya kuta zile mimi, mjukuu wangu na kijana wa Marekani ni sawa, kwa maana hakuna aliyezaliwa nayo. Kijana huyu anayeambiwa hana kipaji cha lugha anajua maneno mengi ya majoka, na kila moja anajua linafanya nini. Kiingereza kikifundishwa hivyo, kama somo lenye walimu wake waliobobea, kitakuwa fumbo linalofumbuliwa. Kikiwekwa juu ya Hisabati, Baiolojia na Historia kwa pamoja, kinakuwa kizidisho tu.

Sasa mjukuu wangu amejiandikisha kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Jioni, baada ya kutoka shambani, tunakaa na maswali ya miaka iliyopita. Analisoma swali kwa Kiingereza, ananiambia kwa Kiswahili linataka nini, analijibu kwa Kiswahili hadi niridhike, ndipo tunalivusha jibu kwenda Kiingereza, sentensi moja moja. Kazi hii ni ya polepole. Swali moja laweza kula saa nzima, na Novemba haitungoji. Baiolojia imeanza kufunguka. Hisabati ilikuwa wazi siku zote, ila maelezo ya maswali ndiyo yaliyokuwa yamefungwa. Sijui mtihani utamlipa nini. Najua kuwa kijana aliyekuja kwangu akijiita mjinga hajalitaja neno hilo kwa miezi mitatu.

Usiku mmoja, yeye akipambana na jitu na mimi nikisahihisha daftari lake, nilitunga ubeti huu:

Jiwe huvunjwa kwa nguvu, fumbo hutaka hekima,
Usimpe mwana kovu, ukadhani wampima,
Anao wake werevu, mpe lugha ya kusema,
Mtoto si mpumbavu, ni mlango umegoma.

Wasomaji wapendwa, majina sita ya viwango niliyoyataja hapo juu ni tafsiri zangu, na mawili hayaniridhishi. "Mwanafunzi" linakaribiana mno na "mwanagenzi", na "kiwango cha hekaya" ni kirai kizima pale ambapo neno moja lingependeza. Mchezo ule umetafsiriwa kwa Kijerumani, Kirusi, Kipolishi na Kijapani. Kwa Kiswahili bado. Mwenye neno bora na alilete, maana mjukuu wangu ameanza kuandika kamusi ndogo ya mchezo mzima nyuma ya daftari lake la Baiolojia, na amefika herufi ya K.