Siku ya Meli Katika Kisiwa cha Inyeug

Mbali sana katika Bahari ya Pasifiki, mashariki ya Australia, iko nchi ya Vanuatu yenye visiwa zaidi ya 80. Kisiwa cha mwisho upande wa kusini kinachokaliwa na watu chaitwa Aneityum. Mbele yake, mkabala wa kijiji cha Anelcauhat, kiko kijisiwa cha mchanga ambacho wenyeji hukiita Inyeug. Wasafiri wa meli hukijua kwa jina la Mystery Island, maana yake Kisiwa cha Siri.

Inyeug hakuna kijiji. Wazee wa zamani waliamini kwamba ni makao ya pepo, wala si mahali pa binadamu kulala. Mpaka leo watu huvuka asubuhi kwenda kufanya kazi, na jioni hurudi makwao Aneityum. Siku isiyo ya meli, pwani ile ni kimya: mchanga mweupe, miti michache, na kiwanja cha ndege cha majani kilichotengenezwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kiwanja hicho kingali chatumika. Abiria wa ndege waendao Aneityum hushuka hapo, kisha humalizia safari kwa mashua.

Siku ya meli mambo hugeuka. Meli ya matembezi, ambayo mara nyingi hutoka Sydney au Brisbane, hutia nanga mbali kidogo, na abiria huletwa kwa motaboti hadi kwenye gati dogo. Wenyeji huwa wamekwisha kufika na kupanga bidhaa zao katika vibanda: vikapu, shanga, madafu, na kamba wakubwa wa baharini waliochomwa. Wanawake huwasuka wageni nywele, na vijana huwapeleka kwa mashua kutazama samaki na matumbawe. Fedha ya Australia hupokewa bila taabu. Mgeni apendaye kukizunguka kisiwa kwa miguu humaliza kabla ya saa moja kupita.

Maji ya hapo ni maangavu, na samaki wa kila rangi huonekana hata mahali ambapo maji hayapiti kiuno. Jambo hilo halikutokea bure. Watu wa Aneityum wametenga sehemu ya bahari ile iwe hifadhi. Wamefahamu kwamba samaki aliyevuliwa huliwa mara moja tu, bali aliyeachwa hai hutazamwa na wageni wa kila meli.

Hata hivyo, hii si mara ya kwanza meli kuleta biashara Inyeug. Katika mwaka wa 1844 mfanyabiashara Mwingereza, James Paddon, aliweka kituo chake papo hapo. Alikuwa akitafuta msandali, mti wenye harufu nzuri uliouzwa China kwa bei kubwa. Meli za biashara ile zilileta vyombo vya chuma na nguo, lakini zilileta na maradhi ambayo miili ya wenyeji haikuyazoea. Katika mwaka wa 1861 surua iliua karibu theluthi moja ya watu wa Aneityum. Magonjwa mengine yakafuata, vijiji vikawa mahame, na hata leo hesabu ya watu haijarudi kama ilivyokuwa.

Kisha ikaja korona. Mwezi wa Machi 2020 serikali ya Vanuatu ilifunga mipaka, na haikuifungua kwa wageni mpaka Julai 2022. Kwa muda wa miaka zaidi ya miwili vibanda vya Inyeug vilikaa vitupu, wala hapakuwa na wa kununua hata dafu moja. Kilichobaki ni shamba. Kilimo cha majimbi katika Aneityum ni ufundi wa kale: mababu walichimba mifereji ya kuleta maji mashambani, na mabaki yake yangali yaonekana mabondeni. Mwenye shamba la majimbi na mihogo aliweza kungoja. Asiyekuwa nalo angengoja na njaa.

Waswahili husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, kwa maana fedha ya siku moja ya meli yaweza kulipa karo ya mtoto au kununua mabati ya nyumba. Lakini mgeni wa meli hafiki siku ya tatu hata apewe jembe. Alasiri honi hulia, motaboti ya mwisho huondoka, na wenyeji hufunga mizigo yao na kuvuka. Usiku Inyeug huachiwa pepo wake. Kesho yake si siku ya meli. Ni siku ya jembe, na watu wa Aneityum hawajalisahau.