Kadi ya Kliniki Isimfungie Mtoto Lango

Januari ni mwezi unaomtia mzazi kiwewe. Sare, viatu, madaftari na michango ya hapa na pale, vyote humngoja mlangoni hata kabla wageni wa Krismasi hawajaaga. Lakini katika orodha ya mahitaji ya mtoto anayeanza Gredi ya Kwanza kuna kitu kimoja kisichouzwa dukani, na aghalabu ndicho husahaulika: kadi ya kliniki.

Jambo hili lilinigusa Januari iliyopita nilipokuwa Fort Ternan, Kaunti ya Kericho, alikoolewa dada yangu. Wasomaji wengi walilisikia jina la mahali hapa darasani, kwani ndipo Dkt Louis Leakey alipochimbua masalia ya viumbe wa kale mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mimi hupajua zaidi kwa ajili ya wapwa zangu. Safari hii kitinda mimba alikuwa akianza shule, nami nikaombwa niandamane naye na mamake.

Mbele yetu kwenye foleni alisimama mama mmoja mchuma chai. Alikuwa amehama shamba moja hadi jingine akifuata kibarua, na kadi ya mwanawe ikapotelea katika kuhamahama huko. Karani hakuinua hata macho.

"Mama, rudi nyumbani. Ukiipata kadi, uje."

Kijana mwenyewe, sare yake mpya ikimfika magotini, alianza kulia. Hapo mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa akipita akasimama. "Mtoto aingie darasani leo," alisema. "Kesho asubuhi mama ampeleke zahanati, wamtazame, kisha atuletee jibu."

Zamu yetu ilipofika, karani aliipokea kadi ya mpwa wangu, akaridhika kwamba ipo, akataka kuiweka kando. Ni yule yule mwalimu aliyeifunua. Akaona nafasi moja tupu: chanjo ya pili ya surua, au ukambi kama wengine waitavyo.

"Lakini mbona mtoto ni mzima?" dada yangu aliuliza kwa mshangao.

Keshoye tukakutana na yule mama kwenye zahanati. Muuguzi alimwuliza alikochanjiwa mtoto, akapiga simu huko, wakaangalia daftari lao. Jina lilikuwapo, na chanjo zote zilikuwa zimekamilika. Aliyedungwa sindano siku hiyo ni mpwa wangu, mwenye kadi! Hebu fikiri, msomaji: lau karani angeachiwa uamuzi peke yake, aliyekingwa angefukuzwa na asiyekingwa kikamilifu angeketi darasani bila swali.

Waama, upungufu huu huwapata wengi. Sindano ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, na takriban watoto 15 katika kila 100 hawapati kinga kwa hiyo moja. Ndiyo maana Kenya iliongeza ya pili mwaka 2013, itolewayo akifika miezi 18. Lakini wakati huo mtoto anatembea, mama amerudi kazini, na safari za kliniki zimekwisha. Virusi vya surua navyo huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Wataalamu husema ni lazima watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara mbili ili ugonjwa huo ukose pa kupenya. Darasani, nafasi moja tupu kwenye kadi ni jambo linalowahusu wazazi wote.

Hata hivyo, kumfukuza mtoto si dawa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na papo hapo haki ya huduma za afya. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa kadi huenda akazikosa zote mbili, kwani nyumbani hakuna sindano. Anayeelekezwa zahanati huzipata zote.

Isitoshe, shule ndiyo mahali rahisi pa kuwafikia watoto wengi kwa gharama ndogo. Mwaka 1998, katika wilaya ya Busia, watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walianza kufuatilia shule 75 ambako watoto walikuwa wakipewa dawa za minyoo. Waligundua kwamba utoro ulipungua kwa robo. Minyoo haimlazi mtoto kitandani; humnyonya damu polepole hadi mwalimu akamdhania mzembe. Lakini kidonge huua minyoo iliyomo tumboni tu. Akirudi kutembea miguu mitupu penye uchafu wa choo, au kula bila kunawa, huambukizwa upya.

Mnakumbuka wakati wa korona? Shule zilipofunguliwa tena, hakuna mtoto aliyevuka lango bila kunawa. Leo matangi mengi niyaonayo kwenye malango ya shule yamekauka, mengine hayana hata mifereji. Je, kuhara nako kulikwisha pamoja na korona? Hata mtungi wa plastiki uliotobolewa na kuning'inizwa kwa kamba, ule tuuitao kibuyu chirizi, pamoja na kipande cha sabuni, ungetosha kando ya choo.

Wazazi wenzangu, msingoje Januari. Itafuteni kadi jioni ya leo. Msitazame tu kama ipo; isomeni mstari kwa mstari, na penye pengo, nendeni kliniki mkaulize, kwani chanjo nyingi zilizopitwa huweza kutolewa baadaye. Toeni nakala, muiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mwenye binti wa miaka kumi aulizie pia chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa nchini tangu 2019.

Nanyi walimu wakuu, endeleeni kuidai kadi hiyo, tena kwa ukali ikibidi. Ila asiye nayo mwonyesheni njia ya zahanati, na mtoto wake mwonyesheni dawati.