Pasi ya Mjomba

Kwanza nieleze balbu, maana wengi tunazitupa bila kujua zimekufa kwa ugonjwa gani. Ndani ya balbu ya LED mna vijitaa vidogo vya manjano, mara nyingi vimeungwa kwa mstari mmoja. Kikiungua kimoja njia ya umeme hukatika, vyote vinazimika. Dawa ni kubadili hicho kimoja tu. Tatizo ni kwamba vimelehemiwa juu ya bamba la alumini. Ukigusa kwa ncha ya kulehemia, bamba linanyonya joto lote na lehemu haiyeyuki ng'o!

Mjomba wangu ni fundi redio Temeke tangu sijazaliwa. Siku hizi redio haziji, na macho yanamtupa. Alikuwa ameanza kusema atarudi kijijini, asiwe mzigo kwa mtu. Jioni moja alinitazama nikihangaika na bamba, akaniambia, "Mjomba, iache hiyo. Lete ile pasi ya zamani."

Basi tukaondoa mpini, tukaifunga chali juu ya matofali. Waya wa ethi hatukuuondoa, na hilo alilisisitiza kuliko yote, kwani uso ule wa chuma uko wazi. Ndani mna kile kipande cha metali mbili kinachojikunja kikipata moto na kukata umeme, kikipoa kinaurudisha. Alama ya nukta tatu, ya pamba na kitani, hufika kama nyuzi 200. Lehemu ya kizamani, bati 63 kwa risasi 37, huyeyuka kwa 183. Ile isiyo na risasi hutaka 217 hivi, na hapo pasi yetu huanza kusuasua.

Lehemu inapoyeyuka, we acha tu. Ilikuwa imefifia, ghafla inang'aa. Unachomoa plagi, unatoa kijitaa kibovu kwa kibano, unatua kipya, nacho kinajivuta chenyewe na kukaa sawa. Mimi naangalia chanya na hasi. Mjomba anangoja ule mng'ao, na mng'ao anauona. Habari ya kijijini sijaisikia tena.

Dirisha tunaliacha wazi kwa ajili ya moshi, na mikono tunainawa kwa sabuni kabla ya ugali, maana risasi ni sumu. Usiku naandika riwaya yangu palepale mezani. Sura ya nne imenigomea.

Wiki hii zimeletwa balbu 11, tumewasha 9. Zile 2 zilizobaki vijitaa vyake ni vizima, ubovu uko kwingine. Mjomba kaziweka kando ya kitanda chake, hataki nizirudishe kwa wenyewe.